Kipindi cha Kumi na Mbili Bila Mtafsiri

Tororo, 3 Februari 2024

Kwa Senge Loy, shangazi yangu,

Salamu kutoka huku chini ya mwamba. Magoti yanasemaje siku hizi? Na kile kikohozi cha moshi wa samaki, kimekuachia? Mimi ni mzima. Kazi ya laibrari inaendelea, watu wananiletea flashi tangu asubuhi niwajazie filamu, na kila mmoja ana haraka.

Hii flashi nimempa Paddy kabla hajageuza pikapu kurudi Majanji kuchukua samaki. Ndani kuna vipindi vinne vya kwanza vya tamthilia mpya ya Kikorea, Fundi Miavuli. Vyote ni kumi na sita, nitakutumia kidogo kidogo usije ukaacha samaki wakaungua. Su-bin ni dada anayetengeneza miavuli mibovu kwenye kichochoro cha Seoul, anaishi na bibi yake. Wanaume wawili wanampenda: Wakili mwenye gari, na Mpishi mwenye mkokoteni wa supu. Nimekuwekea ile ya DJ Arthur, anayetafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu najua maandishi ya Kiingereza ya chini yanakuchosha. Mvumilie tu, huwa anaongea hata pale wenyewe wamenyamaza.

Nadharia yangu: Wakili ndiye mume. Kuna picha ya utotoni aliyoificha kwenye droo, na kwa Wakorea mtu akikuokoa ukiwa na miaka saba lazima akuoe ukifika thelathini. Bisha basi.

Sasa la maana. Kuna mtu anaitwa Etyang, mwalimu wa hesabu. Watu wake wanakuja kujitambulisha kwa Baba, Busia, Jumamosi tarehe 20 Aprili. Unajua mwenyewe kwamba senge, dada wa baba, ndiye anayesimama kati ya wageni, akamtafuta bwana harusi na kumleta mbele ya wazee. Usiposimama wewe, kwangu hakuna shughuli. Sisemi hivi kwa ajili ya desturi peke yake. Mama alipofariki wewe ndiye uliyenibeba, na nataka mkono wako ndio umshike.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Daphine


Majanji, 10 Februari 2024

Mwanangu Daphine,

Salamu zimefika, na zangu uzipokee kwa mikono miwili. Magoti yanalalamika lakini ziwani yananifikisha. Kikohozi kipo, tumezoeana. Wewe unakula? Na usiniambie chai, chai si chakula.

Vipindi vinne nilivimaliza kwa siku mbili, Mable jirani akija na kiti chake mwenyewe. Huyo Wakili wako simtaki. Anamkamata mwanamke kifundo cha mkono na kumburuta barabarani kama mbuzi wa mnadani, halafu muziki unapigwa tulie. Kwa nini nilie? Mable alilia, mimi hapana.

Sikiliza nadharia ya mtu mzima. Nimeitafiti miaka mingi, tangu uliponiletea tamthilia ya kwanza. Kule mvua hunyesha kila mtu akiwa na huzuni, sijui watu hao wanalima saa ngapi. Mvua ikianza, usiangalie uso wa mwanaume, uso wote ni poda. Angalia bega. Akiushika mwavuli katikati, huyo ni rafiki. Akiuinamisha upande wa mwanamke mpaka bega lake mwenyewe likalowa, huyo ndiye mume, hata awe hana kitu. Rudia mwisho wa kipindi cha tatu umtazame Mpishi. Bega lote maji, na wala hajui kama amelowa.

Haya, Etyang. Nilipofika hapo kwenye barua nilipiga kigelegele, Paddy akadhani nimeungua. Nitasimama, tena kwa gauni jipya la gomesi. Ila bega lake likoje? Na ni mtoto wa nani, kwao wapi? Umeniandikia somo analofundisha ukasahau ukoo.

Senge wako,
Loy


Tororo, 24 Februari 2024

Senge wangu,

Hujambo na nyumba yote? Mwambie Mable nimemsalimu na aache kulia ovyo. Mimi naendelea vizuri, na ninakula, jana nilikula kalo, ugali wa wimbi, na maharage.

Bega nimelikagua. Juzi mvua ilitukamata kwenye boda tukitoka sokoni. Etyang akanivika koti lake la plastiki, akaingia darasani akichuruzika maji, wanafunzi wakamcheka kipindi kizima. Nadhani amefaulu. Na Mpishi nimemrudia, sina la kubisha, ila ile picha ya kwenye droo bado inanisumbua.

Paddy anasema pikapu inaingia gereji, kwa hiyo nakutumia vinane kwa mpigo, cha tano mpaka cha kumi na mbili. Usimalize kwa siku mbili.

Kwao Etyang ni Mukuju. Baba yake alifariki zamani, amelelewa na baba yake mdogo, mzee Emoit, na ndiye atakayekuwa msemaji wao siku hiyo. Nilipomtajia Baba jina hilo aliweka kikombe chini, akasema tutaongea siku nyingine. Mpaka leo hiyo siku nyingine haijafika. Wewe unamjua huyo mzee?

Mwanao,
Daphine


Majanji, 9 Machi 2024

Daphine,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Emoit namjua. Novemba ya 1994 watu wake walikuja hapa Majanji kuniposa. Wewe ulikuwa na miezi mitatu, mama yako tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia. Mimi na Emoit tulikutana sokoni Mukuju, nilikokuwa napeleka samaki, tukawa na Kiswahili chetu cha kuokoteza. Lakini siku hiyo wazee ndio walioongea. Wao waliongea Kiateso, sisi Kisamia, na baba yako, aliyekuwa amefanya kazi Tororo na kujifunza Kiateso huko, akawa anatafsiri katikati. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimekubeba. Nikamsikia kaka yangu akiwaambia wazee wetu: wamesema mwanamke anayenuka samaki hawataki kumwingiza nyumbani, aliache ziwa kwanza ndipo warudi.

Sikuliacha ziwa, na wao hawakurudi. Sikwenda kumuuliza. Mtu akisema unanuka, utamfuata umuulize kama alimaanisha? Miaka thelathini sijaolewa, na sikuwahi kukueleza sababu.

Kipindi cha kumi na mbili nimekiona. Su-bin amesimama darajani kutwa nzima na ule mwavuli alioutengeneza kwa mikono yake, Mpishi hakutokea. DJ Arthur akasema, "Amekula kona huyo! Mwanaume wa supu atakupeleka wapi?" Mable alilia tena, na safari hii na mimi nililia. Basi nadharia yangu ya bega itupe. Hata aliyelowa anaweza asije.

Sitasimama mbele ya Emoit, mwanangu. Mtafute senge mwingine kwenye ukoo. Samaki wa shughuli nitawatuma kwa Paddy. Kijana hana kosa lolote, mwambie hivyo.

Senge wako,
Loy


Tororo, 30 Machi 2024

Senge mpendwa,

Pole, na Pasaka njema. Najua hujalala vizuri, kwa hiyo afya sikuulizi, nakuombea tu.

Pamoja na flashi utakuta daftari. Flashi ina kipindi cha kumi na mbili peke yake, bila DJ Arthur. Nimekaa siku tatu nikiyahamisha maandishi ya Kiingereza kwa mkono, kila neno wanalosema, kwa Kiswahili. Weka televisheni, fungua daftari ukurasa wa nane. Utaona kwamba kabla ya daraja, Mpishi anafika mlangoni kwa Su-bin, na bibi yake Su-bin anamfungulia. Sisi hatukuisikia sehemu hiyo kwa sababu Arthur alikuwa anawasalimu mashabiki wake wa Busia na Malaba, dakika mbili nzima. Bibi anamwambia Mpishi, "Usimtafute. Ameshakubali kuolewa na Wakili." Ni uongo. Bibi anaogopa kubaki peke yake. Mpishi anainama, anaondoka. Hakula kona, Senge. Alikuja.

Sasa kaa chini.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mukuju na Etyang kumsalimu mzee Emoit. Mkewe Auma ametupikia, tumekula, tumecheka. Halafu mzee akaniuliza kwa upole, "Yule Loy ya Majanji, bwana yake ya Sio Port, kule Kenya, iko mzima? Walizaa watoto ngapi?" Nikamwambia Senge Loy hajawahi kuolewa, wala Sio Port wala popote. Kisha akasema siku ile kaka yako aliwaambia kwa Kiateso kwamba umeshaahidiwa mtu wa Sio Port, na kwamba wakiendelea kukaa pale wataleta aibu. Kuhusu samaki, nikamuuliza. Akashangaa. Anasema baba yake alisema hivi: msichana akitaka aendelee na samaki wake, Mukuju hakuna ziwa lakini soko lipo.

Nilishuka Busia siku hiyohiyo. Baba alikuwa kibarazani. Nikamuuliza bila hata salamu. Akasema, "Mimi ndio nilisema. Wewe ulikuwa miezi tatu. Loy akienda Mukuju, nani atabeba hii mtoto? Nilijua nitawaambia ukweli mwaka ingine. Mwaka ingine ikaisha, na ingine."

Kwa hiyo ni mimi. Nimeliangalia jambo hili kila upande na bado linaishia kwangu. Ningekuwa natunga tamthilia ningeona aibu kuandika hivi, watazamaji wangesema nimezidisha. Nina hasira na Baba, na nina hofu ya kukutazama usoni. Ungejua, ungekwenda? Nijibu kweli. Ukisema nifute shughuli, nitafuta. Etyang nimemweleza, amesema tungoje neno lako.

Daphine


Tororo, 13 Aprili 2024

Senge,

Habari za huko? Paddy amenirudishia flashi leo. Nimetafuta barua mpaka chini ya kiti cha pikapu. Nikamuuliza umesema nini, akajibu, "Mama hakusema kitu. Aliniuliza tu kama kwa gari iko nafasi."

Nafasi ya nini, hajui. Daftari halikurudi.

Imebaki wiki moja. Sikulazimishi kusimama. Niandikie hata mstari mmoja nijue unapumua.

Daphine


Majanji, 18 Aprili 2024

Mwanangu Daphine,

Napumua. Magoti yapo, kikohozi kipo. Nisamehe kwa kukuweka roho juu, nilikuwa sijapata maneno, na maneno ya hasira sikutaka yapande gari la Paddy.

Daftari nimebaki nalo. Nimeangalia kipindi hicho mara nne, nasimamisha, nasoma, naendelea. Mara ya kwanza niliona ajabu ule ukimya. Mpishi anainama mlangoni na hakuna mtu anayenipigia kelele nimwelewe vipi. Nikagundua kwamba mvua inanyesha na ameushusha mwavuli, ameuacha kizingitini kwa ajili ya Su-bin, anaondoka mabega yote mawili yamelowa. Hilo Arthur hakulitaja kabisa. Nadharia yangu naichukua, usiitupe.

Baba yako nimemkasirikia, nakwambia waziwazi. Nilikuwa nikiteremka ziwani naongea peke yangu, wavuvi wananipisha njia. Hasira yenyewe si ya mume niliyemkosa. Emoit ana Auma wake, na mimi nina maisha yangu, siyatupi. Hasira yangu ni kwamba asubuhi nyingi mno, miaka hiyo yote, nilinawa mikono kwa limau kabla ya kwenda mbele za watu, kwa neno ambalo hakuna aliyelisema.

Umeniuliza kama ningejua ningekwenda. Ningekwenda, sitakudanganya. Ningekwenda Mukuju, na wewe ningekubeba mgongoni, maziwa yako kwenye chupa, hata kwa miguu. Nani angenizuia? Baba yako alidhani ilikuwa lazima nichague, na hakuniuliza. Kwa hiyo usiseme ni wewe. Ulikuwa mtoto wa miezi mitatu, ulikuwa unalala.

Jambo moja hulijui, wala baba yako halijui. Mwaka uliofuata nilianza kujifunza Kiateso kwa wanawake wanaonunua samaki wangu. Nilitaka mtu asinitukane tena mbele yangu nisielewe. Leo nakiongea mpaka hakuna awezaye kunipangia bei kwa siri. Miaka yote hiyo nilingoja tusi, sikujua ninajiandaa kwa shughuli yako.

Ile nafasi niliyomwomba Paddy ni ya mbele, kesho alfajiri, mimi na gomesi langu na samaki wako. Vipindi vinne vya mwisho usinitumie. Nitaviona kwako, bila Arthur, wewe ukinisomea.

Mwambie baba yako nitaongea naye, lakini si Jumamosi. Jumamosi akae kwenye kiti chake cha baba wa binti, akae kimya, afurahi. Nikishamshika Etyang mkono nitamgeukia Emoit, nimuulize kwa Kiateso siku ile walisema nini, na yeye anijibu kwa Kiateso mbele ya wazee wote. Asitokee mtu wa kututafsiria.

Senge wako,
Loy