Mahindi Niliyomwagia Kong'ony

Boito

Kwa mjukuu wangu Kimeli,

Salamu nyingi. Uko mzima? Viazi vya Londiani vimekunenepesha au bado ni mifupa tu? Sisi tuko, ng'ombe wanakamuliwa, mguu wangu unauma vile unavyoujua. Lakini wewe mtoto, miaka miwili! Hata simu yangu hushiki. Nilikubeba mgongoni nikichuma majani chai, leo unanifanya kama mtu wa barabarani. Anayeniandikia ni jirani yetu Beldina, karani wa kiwanda, na nimemwambia asilainishe neno hata moja.

Wiki jana sisi akina mama wa kanisa tulienda kuona ndege, upande wa Kapkatet, mahali pamezungushwa waya ili ndege wa kwetu wasimalizwe. Nilivaa viatu vya Pasaka. Joan aliuliza kama wanapikwa na kitunguu, tukacheka mpaka Celine, msichana aliyetuongoza, akacheka pia.

Halafu akatuonyesha kong'ony mmoja, korongo mwenye taji, ndege wa ukoo wa babu yako, asiyeguswa. Alikuwa anatembea kando ya waya, anarudi, anatembea tena. Celine akasema alitolewa kinamasi cha Boito, mwenzake alipokufa kwa sumu. Wamemletea wengine, yeye hawataki. Yule aliyekufa alipasuliwa, wakakuta mahindi ya mbegu tumboni.

Joan hakupunguza sauti. "Ni yule mjukuu wa Cheptoo. Aliua ndege wa ukoo wake mwenyewe."

Wakaniangalia kwa huruma. Nilikuwa na chapati mkononi. Nikaimaliza.

Kimeli, ni mimi. Wale ndege waling'oa mahindi yangu yakichipuka, nikapanda tena, wakang'oa tena. Nikaloweka mbegu kwa dawa ya kuogesha ng'ombe. Nilijiambia ni ya fuko. Uongo. Fuko anakaa chini ya udongo, na mimi mbegu nilizimwaga juu.

Ndege mmoja akaenda kufia shambani kwako. Baba zako wadogo wakasema ni wewe, kwa sababu ulikuwa umewalalamikia hao ndege mbele ya watu. Siku ya kikao cha ukoo mimi ndiye nilikuwa namimina mursik, yale maziwa ya kibuyu. Wakakukataza kukanyaga boma, na mimi nikaenda kuongeza vikombe. Niliogopa wataniambia mimi ni mtu wa kuolewa tu, nimekuja kuwaharibia ukoo. Nikajisemea wewe ni kijana, utasahau.

Beldina amesimamisha kalamu, ananiangalia. Nimemwambia aandike.

Nimeanza barua kwa kukugombeza kwa sababu sijui kuanza vingine. Hukujiweka mbali wewe. Ni mimi nilikuweka huko.

Wasalimie wote unaokaa nao. Beldina anakusalimu, ingawa amenuna. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baba zako wadogo watakuwa hapa. Nimewaita na sijawaambia sababu. Njoo saa nne, wakiwa wameketi. Pita mlango wa mbele, ukae karibu na mimi, na usimpe mtu yeyote mkono mpaka nimalize kusema.

Ni mimi kogo wako,
Cheptoo