Leza ya macho, Ngamiani

Mama, shikamoo.

Tanga kuna joto, ila samaki wa kupaka amenifariji. Leo, kwenye kliniki ya macho huku Ngamiani, nimebadilisha kidhibiti umeme cha mashine yao ndogo ya leza. Umeme ukizidi kidogo tu, diodi inayotoa mwanga huungua, na hawana nyingine. Nikapima umeme mara mbili, kisha nikawasha. Mwanga ukatoka, umetulia.

Daktari akamwita Bi Mwanaidi, ambaye sukari imemharibu macho, akamwambia wazi kwamba leza haitarudisha nuru iliyopotea, italinda iliyobaki.

"Iliyobaki yanitosha, mwanangu," akajibu, akaingia.

Mama, nawe una sukari. Nikirudi twende ukapimwe macho, na usiniambie unaona vizuri. Nakubusu mikono.

Mwanao,
Rehema