Mama, Haikuwa TB

Mama,

Mahindi ya nyumbani Tongaren yameshavunwa. Wafula alisimamia mwenyewe, na ukiniuliza mimi, ndugu yangu amekuwa mtu mzima ghafla. Mimi bado niko Matisi na duka langu la nguo. Leo nimefunga mapema nikuandikie. Nimejaribu mara nyingi, nikiandika "Mama" tu nashindwa kuendelea.

Watu bado wananiuliza ulikufa kwa nini. Nikisema saratani ya mapafu, wanapunguza sauti: "Kwani mama yako alikuwa anavuta?" Wewe! Wewe uliyekuwa ukimfukuza Baba na sigara zake mpaka kwa ng'ombe, naye akingoja ulale arudi nazo sebuleni.

Ulianza kukohoa wakati wa palizi, ukasema ni vumbi. Zahanati wakakupa dawa ya kifua, ikaisha, wakakupa nyingine. Halafu wakasema huenda ni TB. Ukameza vile vidonge vinavyogeuza mkojo rangi ya chungwa, bila kulalamika, na ukajitenga. Sahani yako kando, kikombe kando. Wajukuu wakija mbio, unawazuia mlangoni kwa mkono. Hapo ndipo panaponiuma, Mama. Miezi yote hiyo ulikaa peke yako ukiogopa kutuambukiza ugonjwa usioambukiza.

Mpaka ulipokonda, pumzi ikakupungukia, ndipo tukakupeleka hospitali Bungoma. Wakapiga picha, wakavuta maji kifuani, wakachukua kipande kidogo cha pafu kwa sindano. Majibu yalipotoka, yule daktari msichana alivuta kiti akaketi karibu nawe, akasema Kiswahili cha kawaida. Alisema saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Kuna aina mbili kubwa. Moja ni ya seli ndogo, inasambaa haraka sana, na wengi wanaoipata wamevuta sigara. Nyingine ni ya seli zisizo ndogo, ndiyo ya wagonjwa wengi zaidi, nayo imegawanyika tena. Kuna inayoanza katikati ya kifua, kwenye njia kubwa za hewa. Kuna inayoanza pembeni mwa mapafu, kwenye seli zinazotengeneza ute. Yako ilikuwa hii ya pembeni. Na hata asiyewahi kushika sigara anaweza kuipata.

Ukamuuliza, "Sasa yangu ni ile mbaya, ama ile afadhali?"

Alikushika mkono kwanza. "Ingekuwa afadhali, Mama, kama tungeipata mapema."

Ilikuwa imeshafika kwenye maji ya kifua. Kupasua hakungesaidia. Tukirudi ulitaka mahindi ya kuchoma pale Kiminini. Ukatafuna punje chache, ukanipa yaliyobaki. "Si angalau nimejua jina lake," ukasema.

Baada ya mazishi Baba alikataa chakula. Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda chako, akaniambia, "Nimemuua mama yako. Ni hii sigara yangu." Mama, ningeweza kumdanganya. Nilimwambia alichosema daktari: moshi wa sigara ya mwingine unachangia, moshi wa kuni unachangia, na wakati mwingine mtu anaugua tu na hakuna anayejua kwa nini. Kwako, hakuna atakayejua. Baba akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ile kaburini. Anajaribu kuacha. Kuna siku anashindwa, anajificha nyuma ya ghala kama kijana. Simkaripii.

Jumapili iliyopita akina mama wa kanisa walikukumbuka. Nikaombwa niseme neno. Nilikuwa nimejiandaa kushukuru tu, lakini mdomo ukaenda wenyewe. Nikawaambia hukuvuta. Nikawaambia kikohozi kisipoisha, dawa zikiisha na kifua bado, warudi waulize tena, waombe picha. Wengine walitazama chini. Nikaketi, nikidhani nimekuaibisha.

Ibada ilipoisha, mdogo wako Nekesa alinivuta nyuma ya kanisa. Alinionyesha leso yake. Ilikuwa na damu. Amekuwa akiifua kisiri asije akatutia hofu tukiwa bado na matanga yako. Nikamwita, "Mama mdogo!" Akaniambia, "Usiniambie ni nini. Nipeleke tu."

Tunakwenda Jumatatu. Huenda si kitu kikubwa. Huenda ni TB kweli, na TB inatibika. Anaogopa, nami naogopa, ila mbele yake nacheka.

Lala salama, Mama yangu. Pole kwa yote uliyobeba bila kutuambia. Nakuahidi hili: nitaingia na Nekesa mpaka ndani, na sitatoka mle mpaka nijue ana nini hasa. Hatangoja peke yake.

Binti yako,
Nasimiyu