Injini ya Ngige Imefika Kachibora

S.L.P. 1187,
Kitale.
10 Desemba 2006.

Mpendwa shemeji Gichuki,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Kitale. Huko Gaborone najua joto limewashika, maana uliwahi kutuambia Desemba ndiyo mbaya zaidi. Je, ule mgongo ulipata nafuu? Rosaline na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri, na presha yake daktari amesema imeshuka. Watoto wamefunga shule. Mimi siugui.

Uliniuliza kwa simu naendeleaje, laini ikakatika kabla sijajibu. Hata isingekatika, sina hakika ningejibu nini. Tangu tumzike Ngige mwezi wa nane, mimi naamka, nachemsha chai, nafungua duka la spea, nafunga, nalala. Watu wakisema pole nasema asante. Kanisani waliniimbia, nikaangalia viatu vyao. Sikuwa nimelia hata siku ya mazishi, na nafikiri wewe ndugu yake unapaswa kuyasikia haya kutoka kwangu badala ya kusikia kwa watu. Si kwamba nilikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa nimekufa ganzi tu.

Ulisema pia niuze injini na mashine ya mahindi, turudi Nyahururu na Mama tukae karibu na jamaa. Nimekusikia. Lakini kabla sijakujibu, acha nikueleze hiyo injini imepitia nini.

Ngige aliianza ukiwa umeshaondoka. Unajua milima ile ya Cherangany juu ya Kachibora. Mvua ya Novemba ikinyesha, trekta haipandi. Kwa hivyo ile mashine kubwa ya kupukuchua haifiki, na watu wanatia mahindi kwenye magunia wanayapiga kwa fimbo mpaka mikono inavimba, na mengine yanaota ukungu kabla hawajamaliza. Ngige akasema ataunda mashine nyepesi, ya kusukumwa kwa mkokoteni hadi mlangoni mwa mtu. Ngoma yake, lile pipa la chuma linalozunguka na kupukuchua, aliichomelea mwenyewe. Shida ikawa injini. Alikuwa na kale ka petroli ka kuvuta maji, unaweza kukabeba kwapani, lakini ukikapa mahindi kidogo kanazima. Diseli ingekuwa na nguvu, ila uzito wake ungetufanya turudi palepale pa trekta.

Basi akaamua kukaongezea nguvu. Alikipeleka kichwa cha injini kwa Parminder, yule fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma nyuma ya mji, kikachongwa kikawa chembamba, ili petroli ibanwe zaidi na ilipuke kwa nguvu zaidi. Akatoboa kabureta ivute mafuta mengi. Akaunda ekzosi pana. Zikabaki springi za valvu na mambo madogo madogo. Ndipo homa ya mapafu ikamchukua, vile unavyojua. Injini ikabaki mezani imefunguliwa, nikaifunika gunia.

Mwezi wa kumi akaja mama mmoja kutoka juu ya Kachibora, anaitwa Jerono, mjane kama mimi ila wa siku nyingi. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Bwana yako aliniambia nisitafute watu wa fimbo mwaka huu," akasema. "Mahindi yangu sasa yako chini. Nitafute ama nisitafute?"

"Usitafute," nikamwambia.

Shemeji, sijui neno hilo lilitoka wapi. Mama alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Spana najua kushika, na spea nimeuza miaka mingi, lakini kufunga injini peke yangu sijawahi.

Nikaifunga kwa kamba ndani ya katoni nikaenda Bungoma, kwa Wanjala, rafiki yake waliyejifunza ufundi pamoja. Ana gereji kwenye barabara ya Kibabii. Tukaweka springi ngumu. Halafu nikamwambia atoe na gavana, kile kidude kinachopima mafuta ili injini isikimbie kupita kiasi, maana Ngige alikuwa akisema gavana ndiyo kamba iliyomfunga huyu ng'ombe.

Wanjala akakuna kichwa. "Shemeji, hii si injini ya gari. Ikikimbia kupita kiasi itatupa konrodi, chuma cha pistoni kitoboe tumbo lake."

"Ngige alitaka hivyo."

"Ngige alitaka mambo mengi, bana."

Lakini akaitoa, kwa ajili ya rafiki yake. Tulipanga tairi kuukuu kama ukuta, tukasimama nyuma yake, tukawa tunaifungulia mafuta kwa kuvuta uzi. Ikanguruma, ikapanda, ikalia kama kitu chenye uchungu. Wanjala alikuwa akitabasamu. Kisha tukasikia mgongano mmoja, kipande cha chuma kikapasua tairi, na ikanyamaza. Tumboni mwa injini palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Oili ikamwagika yote.

Wanjala aliketi chini akalia, mtu mzima, wateja wakimwangalia. "Mkono wake ulikuwa kwa hiyo injini," akasema, "na mimi nimeiua."

Mimi nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa oili. Nikamuuliza, "Kichwa kimepona?" Alinitazama kama vile si mtu anayezungumza naye. Lakini akafungua, na kichwa kilikuwa kizima.

Niliporudi Kitale, Parminder alinitafutia injini nyingine ya aina ileile, kutoka kwa pampu iliyotupwa. Tukaifungia kichwa cha injini ya Ngige, kabureta yake na ekzosi yake. Gavana nikasema ibaki, ilegezwe kidogo tu. Na kwenye ngoma tukaweka puli kubwa zaidi, lile gurudumu la kupitisha mkanda, ili injini isikimbizwe ovyo bali ivute kwa utaratibu.

"Ngige angekasirika," Parminder akasema.

"Angenuna mpaka chakula kiive," nikamjibu. "Yeye alitaka ikimbie. Mimi nataka ifike mwisho wa msimu."

Wiki iliyopita tukaipandisha. Wanjala alikuja kutoka Bungoma bila kuitwa mara mbili, na wakwe wa Jerono wakasukuma mkokoteni kwenye tope, magurudumu yakizama hadi nusu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima. Nilivuta kamba, ikawaka. Tulipomimina mahindi ya kwanza sauti yake ikashuka, ikashuka tena, nikajua inazima. Halafu gavana ikafungua mafuta, ikajikaza, na punje zikaanza kumwagika upande huu na magunzi upande ule. Jerono akachukua punje moja akaiuma. Alienda kuita majirani.

Tulifanya kazi bila kusimama. Matone yalipoanza, mtu alikuwa akiingiza gunia la mwisho ndani ya nyumba.

Tukakaa jikoni kwa Jerono, tukala ugali na mursik, yale maziwa yao ya mgando. Nilikula, shemeji, nikaomba tena. Wanjala alikuwa na vumbi la magunzi kwenye masharubu, anafanana na babu, tukamcheka naye akajicheka. Jerono akasema, "Bwana yako angefurahi leo."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemkumbuka. Hata mara moja. Nilikuwa nimeshika kazi ya mikono yake kutwa nzima, na yeye mwenyewe hakuwa kichwani mwangu. Niliweka tonge chini. Jerono aliniangalia, akawaambia wanaume watoke waende wakaangalie mkokoteni, kwenye mvua ileile. Nililia mpaka nikashika meza. Alinishika bega.

Basi sitaiuza. Watu wa mlimani wameomba tupande tena, na Mama amesema Nyahururu haikimbii. Nakuomba usione nimekudharau. Ulitaka tuwe salama, na ninakushukuru.

Siku hizi nalia popote. Juzi nilikuwa kwa Parminder nikisubiri puli, machozi yakanijia. Alizima mashine yake, akasimama pale na miwani yake ya kazi mpaka nikamaliza. Kisha akaiwasha tena, akaendelea kuchonga.

Msalimie sana Rosaline, na watoto uwaambie mama yao wa Kitale anawakumbuka. Mama anakutumia baraka, anasema uvae sweta hata kama ni joto. Wanjala naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu akulinde huko ugenini na akurudishe tukuone.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Kabura