Pikapu ya Shingoni Uliyosema Imezama

Kaka yangu wa tumbo moja,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu mama alitufunza kwamba mkubwa huamkiwa hata kama umemnunia. Marahaba jiitikie mwenyewe huko Dar es Salaam uliko. Mimi leo sina haja nayo.

Nakuandikia mchana, mama amejinyoosha kidogo baada ya adhuhuri na nyumba imetulia. Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu ukausoma peke yako ukaufuta. Nimeona niandike waziwazi, asomaye asome, maana ulilonifanyia ulilifanya mbele ya mtaa mzima wa Miburani, hapa kwetu Mafia.

Unakumbuka gitaa lilivyoingia kwetu? Ulikuwa ukibeba mitungi ya wapiga mbizi kule Utende, na mgeni mmoja akakuachia alipokuwa anaondoka, kwa kuwa chumvi ilikuwa imeshalila. Pikapu ya nyuma, ile iliyo karibu na daraja la nyuzi, ilikuwa nzima. Ya mbele, ya shingoni, ilikuwa imekufa. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba pikapu ni sikio la gitaa: sumaku na waya mwembamba uliozungushwa, vinakaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Nikakuuliza, sikio moja halitoshi? Ukacheka, ukasema, "La nyuma linasikia ukali tu, mdogo wangu. Bibi harusi hatoki ndani kwa ukali."

Na ni kweli, kazi yetu ilikuwa ya mabibi harusi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, naimba; wewe mwanamume huruhusiwi kuingia, unakaa uani nyuma ya pazia la kanga, waya wa gitaa umepita chini yake hadi kwenye spika iliyo huku kwetu. Miaka yote ile tulifanya kazi bila kuonana nyuso. Nilijua umechoka kwa jinsi ulivyogusa nyuzi, nawe ulijua nataka kupumua kabla sijapumua. Wanawake walikuwa wakitunza pazia! Wanachomeka tuzo kwenye kanga, wanapiga vigelegele, na huyo anayetunzwa hawajawahi kumwona mkono.

Sauti ya nyuma ilitufaa wakati wa ngoma, ilipenya hata vigelegele vikizidi. Lakini mwari akitolewa, tulihitaji kitu laini. Ndipo rafiki yako wa kwenye boti alipotuletea kutoka Kariakoo pikapu tatu kuukuu za magitaa yaliyovunjika, tuchague moja, nyingine azirudishe. Tulizijaribu kama tulivyofanya kazi. Ulitundika kanga mlangoni, wewe nje, mimi ndani, nikawa naimba na kukupigia kelele.

Ya kwanza ilikuwa na nguvu ajabu. Ukiipiga peke yake, raha. Ukirudisha swichi kwenye pikapu ya nyuma, gitaa linakuwa kama limetoka nje ya nyumba. Nilisema, "Hii inamfunika mwenzake." Ya pili ilikuwa kali vilevile kama ya nyuma, hata sikujua umebadilisha. Ya tatu ilikuwa dhaifu, kuukuu, haina hata kifuniko, na mimi nilishaidharau kwa macho. Ukanifundisha kwamba pale shingoni nyuzi hutikisika zaidi, kwa hiyo hata pikapu ya sauti ndogo inatosha, na ukiweka yenye nguvu utajuta. "Mwenza wa mkali asiwe mkali," ulisema. Ukaikaza kidogo chini, mbali na nyuzi, ukapiga. Nikaacha kuimba. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani huyo anaimba na mimi.

Halafu tukakosea, na kosa lenyewe ni letu wawili. Tulizijaribu moja moja tu, kwa kuwa mimi ndani nilitaka kusikia moja moja. Hatukuiwasha yoyote pamoja na ile ya nyuma. Wewe ukachomelea nyaya, mchana tukaenda kwenye shughuli, na ulipoweka swichi katikati ili zote mbili zilie, ikatoka sauti nyembamba, tupu katikati, kama mtu anayesemea puani. Nyaya za ile kuukuu zilikuwa zimegeuzwa, pikapu mbili zinavutana badala ya kusaidiana. Ulitaka kulifungua gitaa pale pale uani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuimba, nikasikia sauti yangu imekaa katika ule utupu, haibanwi na chochote. Nikaja mpaka kwenye pazia nikakwambia, "Iache. Hapo umeniachia nafasi." Fundi yeyote angekucheka. Kuanzia siku hiyo, Mafia nzima walijua gitaa letu hata likilia nyumba ya nne.

Kisha ukasafiri, ukapiga simu unalia. Ulisema ukiwa unashuka kwenye boti kule Nyamisati, bara, wimbi lilikuyumbisha, ukaanguka, gitaa likazama na wewe ukaponea chupuchupu. Ulisema huna tena moyo wa kupiga, utatafuta kibarua hukohuko.

Unajua mama alifanya nini? Alichinja kuku, akapika wali wa sadaka, akaita majirani. Walisoma, wakanyanyua mikono, wakamshukuru Mungu kwa kukutoa majini. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili, ambaye goti halimpi raha, alikaa chini mpaka mwisho. Mimi nililia hadi nikashindwa kugawa sahani. Na nikaacha kuimba. Nilikataa shughuli baada ya shughuli, nikasema sitaimba juu ya huzuni ya kaka yangu. Wanawake wakanitania kwamba nimekaa eda ya gitaa. Niliwavumilia, kwa ajili yako.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakuna nazi kwa Bi Mwanaidi, mjukuu wake anaolewa. Binti mmoja akafungua simu, anatuonyesha harusi ya ukumbini Dar ili bibi harusi achague mtindo wa shela. Mimi sikuwa nikitazama, nilikuwa nimeinamia mbuzi ya nazi. Nikasikia. Ile sauti ya puani, tupu katikati, na mwanamke fulani anaimba ndani yake, amekaa kwenye nafasi yangu. Nikasema, "Hebu rudisha nyuma." Binti akarudisha. Nilipoinua macho nikakuona, umevaa koti la kung'aa, umesimama mbele ya watu, gitaa ni lilelile na mkwaruzo wake wa ubavuni.

Bi Mwanaidi aliangalia simu, akaniangalia mimi. Alinisogezea bakuli la machicha kama vile nimeliomba.

Nilikupigia. Nilijisemea, huenda limeokolewa, huenda ameona haya kutuambia. Nilitaka sana kukuamini. Ukanijibu, "Gitaa lipi tena, mdogo wangu?" Halafu mtandao ukawa mbaya ghafla.

Kaka, gitaa lilikuwa lako. Uliachiwa wewe, si mimi. Ungesema, "Nimechoka kukaa nyuma ya pazia, nataka nionekane," ningelia, ningekukasirikia, na asubuhi ningekukaangia visheti vya safari. Hata huyo mwanamke simchukii. Anaimba vizuri, na hajui amekaa wapi. Kinachonichoma ni kwamba ulituacha tumshukuru Mungu kwa ajali ambayo haikutokea. Ulisikia vile vilio kwenye simu ukavinyamazia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikiusema msemo huo kwa mambo ya watu wengine.

Nina hasira, na nina aibu ya kwamba nilikulilia. Nakukosa pia, na hilo ndilo linanikasirisha kuliko yote.

Lakini hayo yangu nitayabeba. Kuna moja siwezi. Mama hajui. Kila baada ya magharibi huketi kwenye msala akaomba, na katika maombi yake humshukuru Mola aliyekurudisha kutoka majini, nami nakaa nyuma yake nikiitikia amin. Tangu siku ile ya nazi midomo yangu haifunguki. Jana aligeuka akaniuliza, "Mbona huitikii, mwanangu?"

Nikamwambia koo linaniuma.

Akainuka na miguu yake ile, akaenda kunipondea tangawizi. Nilikaa pale nikimsikia anavyoiponda, kaka, na nilipoletewa nikainywa yote, huku ananitazama. Sasa tuko wawili tunaomdanganya. Panda boti uje umwambie kwa mdomo wako, kabla hajanipikia nyingine.

Ni mimi,
mdogo wako, uliyekuwa ukimsikia kupitia kanga.