Mahali Pema, si Mahari

Kwako Mama Muthoni, mke wangu mpendwa,

Jiwe lako limewekwa. Liliwekwa juma lililopita baada ya ibada, na wazee wenzangu wa kanisa walisimama kandokando ya kaburi wakiwa wamevua kofia. Nakuandikia barua hii, na nawaachia wengine waisome, kwa sababu maneno yaliyo juu ya jiwe hilo nusura yawe maneno mengine, nawe ndiwe mtu wa kwanza ambaye ningemweleza.

Unajua nilivyo katika jambo la lugha. Nilisomeshwa katika shule ya misheni, na mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa pwani, alitupanga mstari kila asubuhi tukatamka "lala" na "rara" mpaka ndimi zikachoka. Alituambia kwamba anayesimama mbele za watu kusoma Neno la Mungu hana ruhusa ya kulisoma ovyo. Hilo sijaliacha. Nikisikia "kitabu yangu", sikio langu linauma. Nikisikia "niko na watoto watatu", nauliza moyoni ni nani aliyeifukuza "nina" nyumbani kwake. Nawe ulikuwa ukiniangalia kutoka upande wa akina mama, ukaona paji langu limekunjamana, ukajua kwamba karani wa kanisa amekosea tena.

Unakumbuka tangazo la uchaguzi wa wazee? Karani aliandika, tena kwa herufi kubwa, kwamba Jumapili ifuatayo kila mshiriki "atapiga kula". Nilisimama nikaeleza kwamba kula ni habari ya chakula na kura ni habari ya uchaguzi, na watu wakaitikia kwa adabu. Tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani, ulisema, "Baba Muthoni, mimi nitakuja na sahani." Ulicheka hadi ukajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Nilipoanza kukueleza upya, ulinikatiza:

"Wewe urioa mimi ama urioa Kiswahiri?"

Ndivyo ulivyosema maisha yako yote. Kigikuyu chetu hakina l, nawe hukuona sababu ya kuiazima kwa watu wengine.

Tena kama ungeiazima, huenda nisingekuoa. Ilikuwa katika mkutano wa vijana wa kanisa kule Gakindu. Jengo lilikuwa limejaa, nami nilisimama mlangoni na koti la kuazima. Ukanijia, msichana nisiyemjua, uliyepewa kazi ya kuwaonyesha wageni viti, ukaniuliza kwa sauti ya kutosha benchi tatu kusikia:

"Umepata mahari?"

Nilikuwa kijana asiye na hata mbuzi mmoja. Swali hilo lilikuwa likinikosesha usingizi, na sasa msichana mzuri kutoka Tetu alikuwa akiniuliza mbele ya watu. Nilijibu ukweli: "Bado natafuta."

"Basi njoo," ukasema. "Mahari iko pare kwa dirisha."

Niliketi pale dirishani na sikusikia neno la mahubiri. Hata tulipozeeka, nilipochelewa kufika kwenye harusi au matanga, uliniuliza kwa mbali kama nimepata mahari, nami nikajibu kwamba bado natafuta, na watu hawakuelewa sisi wazee wawili tunachekea nini.

Sasa nije kwenye jiwe. Fundi wa mawe mjini Nyeri alituambia tumpelekee maneno yakiwa yamepigwa chapa, kwa kuwa yeye huchonga herufi kwa herufi kama alivyopewa, na jiwe likishachongwa halifutiki. Alitaka kuanza Jumatatu. Muthoni alikuja kutoka Nairobi na kompyuta ya kazini kwake, ile inayokunjwa kama kitabu, wanayoiita laptopu. Aliiweka juu ya meza, pale ulipokuwa ukichambulia maharagwe, akaandika upesi, akanigeuzia kioo. Chini ya jina lako palisomeka: "Mama yetu amepata mahari mzuri."

Nilivaa miwani nikasoma tena.

"Muthoni, mahari ya nani?"

"Ai, Baba! Si ni pare Mama ameenda?"

"Mahari ya mama yako nililipa mimi, mbuzi kwa mbuzi, na babu yako akakiri kupokea. Ni nani huyu anayelipa mara ya pili?"

Alicheka, mwanao, kicheko chako kabisa, kisha akaenda jikoni kupika chai ili nisimwone akijifuta macho. Nikasema nitasahihisha mwenyewe.

Naomba unisikilize kuhusu mashine hiyo, maana hukuishi ukaiona. Haina kipanya cha kushika mkononi kama kompyuta kubwa ya ofisi ya kanisa. Mbele ya herufi kuna kibao kidogo laini, unachopaswa kukipapasa kwa kidole ili mshale utembee kwenye kioo. Kidole changu kimechuma kahawa na kukamua ng'ombe. Ngozi yake ni kavu, na kibao hakikutambua kwamba kuna mtu. Nilipapasa, mshale ukasimama. Nilikaza, ukarukia pembeni. Nilipokiacha nikaanza kuandika, kiganja changu kilikigusa bila mimi kujua, nazo herufi zikaenda kuangukia katika neno jingine. Niliandika l ya "mahali", nikainua macho, nikaona umeitwa Wanlgari. Herufi uliyoikwepa maisha yako yote ilikuwa imeketi katikati ya jina lako.

Nilimwita Muthoni. "Inua mkono, Baba," akasema. "Usiraze kiganja."

"Niuinue kama mchungaji anayetoa baraka?"

"Ĩĩ, hivyo hivyo. Na usikasirikie mashine, hiyo haijui Kiswahiri."

"Mko wawili," nikamwambia.

Mwishowe alinionyesha vitufe vyenye mishale, nikatembea navyo polepole, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Niliitoa l katika jina lako. Nikaandika "mahali pema", kwa maana mahali hufuatwa na pa, wala hapajapata kuwa "mzuri". Nilidhani kazi imekwisha.

Muthoni alisoma, akasoma tena. Kisha akasema, "Baba, rakini Mama arisema mahari mpaka siku ya mwisho. Jiwe rikisema mahali, nani atajua ni yeye?"

Aliitamka ile l ya "mahali" taratibu, akinitazama, ili nijue kwamba anaweza.

Nilitoka nje nikasimama kwenye shamba la kahawa, nikamwomba Mungu anipe kuona lililo sawa, maana kwa mara ya kwanza nilitaka kosa libaki. Ningeweza kuliacha. Hakuna ambaye angenilaumu, na fundi angechonga kama alivyopewa. Lakini kaburi lako liko kando ya njia ya kwenda mtoni, na watoto wa shule hupita hapo kila siku, nao husoma kila kilichoandikwa, hata karatasi za sukari. Wangesoma kwamba mwanamke huyu alipata mahari. Wangekucheka wasiokujua, na kicheko hicho si kile chetu. Kile chetu kilikuwa cha watu wawili.

Nilimweleza Muthoni hivyo. Hakuniambia kama amekubali. Aliyahifadhi maneno kwenye disketi, tukaenda mjini kuyapiga chapa. Fundi aliisoma karatasi akaniuliza, "Mzee, hii 'pema' ni sawa? Wengi huandika 'mzuri'."

"Ni pema," nikasema.

"Haya. Wewe ukisema pema, ni pema."

Amechonga vizuri. Herufi zimenyooka, na jina lako halina kilichoongezwa. Muthoni ameniachia barua fupi mezani, imejaa makosa, na sijaisahihisha. Nyumba ina ukimya ambao sijauzoea. Nikisoma Neno kanisani, natazama upande wa akina mama kabla sijakumbuka, na karani akikosea hakuna anayeniangalia usoni. Simlaumu Mungu kwa hilo. Alinipa wewe kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, na namshukuru.

Asubuhi, nikirudi kupeleka maziwa, napitia kwenye jiwe. Kwanza nalisoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti, na kila herufi mahali pake. Kisha natazama njiani nione kama kuna mtu, na kama hakuna, nakuuliza kwa ulimi wako, nilioachishwa shuleni kwa fimbo nyingi:

"Umepata mahari?"

Naamini umepata, pale dirishani. Niwekee nafasi.

Mimi bado natafuta.

Mumeo,
Baba Muthoni