Injini ya Kwenye Gunia

Jumatatu, 3 Februari

Imewaka! Saa kumi jioni, kiki ya tatu, na gereji nzima ikaacha kazi kusikiliza. Injini ya zamani ya pikipiki yangu ilikufa wiki iliyopita — pistoni imekwama, silinda imepasuka — nikajua na safari imekufa nayo. Kumbe shemeji yupo. Kaja na nyingine ya aina ileile ndani ya gunia, kaibwaga mezani pangu kama mzigo wa kuni. Nikamuuliza kaitoa wapi. Kwa wauza vyuma chakavu. Wapi? Eti fundi, unataka injini au unataka hadithi? Nimecheka. Mume wa dada yangu huyu, ukimuuliza saa atakuambia kuhusu mvua.

Namba ya injini haikulingana na kadi yangu ya usajili. Basi nimefanya tunachofanya wote hapa: nimeisaga kwa tupa, nikagonga namba ya kadi kwa seti yangu ya tarakimu za chuma. Kazi ya dakika ishirini. Huko mpakani wasipate la kusema. Ile namba niliyoisaga naiandika hapa kwa mazoea tu, maana injini haipiti mkononi mwangu bila kuandikwa: 5177093.

Keshokutwa tunaondoka. Pikipiki mbili, mipaka mitatu, pwani kisha jangwa, mpaka kwa dada. Kafungua gereji kule na mimi ndiye fundi mkuu. Fundi mkuu! Ana mimba ya miezi saba na anasema hawezi tena kuinama kwenye cheni.

Alhamisi, 6 Februari

Mpaka wa kwanza, dakika kumi. Afisa kaangalia kadi, kaangalia namba, kagonga muhuri. Hata miwani hakuvaa. Shemeji kanikonyeza. Mgongo unaniuma lakini moyo mweupe. Injini inaimba.

Jumapili, 9 Februari

Pwani siku nzima. Upepo wa chumvi, mchanga kwenye meno, mchanga kwenye chupi, sisemi zaidi. Mpaka wa pili tumevuka asubuhi bila neno.

Kitu kidogo. Shemeji aliniambia njia hii hajawahi kuipita, kwamba alipotoka kwa dada kuja nyumbani alipanda lori la njia ya juu. Lakini leo kwenye njia panda hakusimama hata kidogo. Kushoto moja kwa moja, na kibao kimeanguka kifudifudi. Nikamuuliza. Kasema kabahatisha.

Dada kapiga simu. Kaniambia nimwangalie mumewe, siku hizi halali vizuri. Eti usingizini anamwambia mtu asubiri. Nani? Hajui. Tukacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi.

Jumanne, 11 Februari

Naandika haraka, mwandiko huu nitausoma mwenyewe kwa shida.

Tumefika mji wa mwisho kabla ya jangwa. Barabara moja, nyumba za bati, pampu ya petroli inayozungushwa kwa mkono. Kerieri yangu, ile ya kubebea mizigo nyuma, ilikatika kwa mashimo, nikaipeleka kwa mchomeleaji. Shemeji hakuja. Tumbo, kasema, akajifungia chumbani na kofia ya pikipiki kichwani. Mtu anayeumwa tumbo na helmeti!

Mchomeleaji ni mzee mfupi, mchangamfu, vidole vyote vina makovu. Kamaliza kerieri, kapiga magoti kuangalia injini, na kicheko kikamkauka. Kaweka kidole kwenye kiraka cha kulehemu chini ya kava la klachi. Mimi nilikiona kile kiraka nyumbani nikakisifu: kazi safi, mwishoni nukta tatu.

"Huu mkono wangu," kasema. "Mama yangu alikuwa mshonaji, alikuwa anafunga uzi mara tatu. Na mimi nafunga mara tatu. Mwenye pikipiki hii yuko wapi?"

Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Kanitazama sana. Kisha kaeleza taratibu, kama mtu anayepima maneno. Mwaka jana walipita wanaume wawili. Mmoja kijana wa helmeti ya njano, mcheshi, kagonga jiwe, injini ikapasuka, yeye mzee ndiye aliyeiziba. Wakaondoka pamoja kuelekea mpakani. Siku ya tatu akarudi mmoja, siye wa njano. Anatafuta gunia.

Nikamuuliza huyo mmoja alikuwaje. Kasema sura haikumbuki, uso ulikuwa na vumbi tupu. Anakumbuka gunia tu, kwa sababu alimpa la kwake.

Kurudi chumbani nimemkuta shemeji kakaa kitandani, ananingoja. Kauliza mzee alisema nini. Nikasema kerieri imepona.

Nirudi? Peke yangu, siku sita, na dada nimwambie nini? Mumeo kaniletea injini ya nani? Mtoto tumboni, mume usingizini anamwambia mtu asubiri. Sijui lolote kwa hakika. Nasema hivyo kwa sauti na sijiamini.

Jumatano, 12 Februari

Jangwa. Halina kitu, na bado nahisi tunaangaliwa. Injini ile niliyoipenda sasa naisikiliza vingine. Kila ikibadilisha mlio nashtuka.

Saa saba mchana shemeji kaacha njia bila kunionyesha ishara. Kaenda mpaka kwenye kilima kidogo cheusi, kazima. Nikamfuata. Kuna mawe yamepangwa. Si mengi. Kavua helmeti, kasimama. Kurudi kasema alikwenda haja ndogo. Haja gani hiyo ya robo saa, na suruali hukuigusa?

Nikamwambia: shemeji, mzee kakitambua kiraka chake.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kakaa chini kwenye kivuli cha pikipiki na kusema kijana aliishiwa maji. Yeye alikwenda kutafuta, akamwambia asubiri. Aliporudi, basi. "Nilimkuta hivyo, fundi. Ningefanya nini? Niache injini nzima ioze mchangani?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwa mtu yeyote. Kwa nini mwenzake hana hata jina kwenye jiwe. Nikamuuliza maji alikuwa nayo nani.

Kainuka, kanifunga kamba ya helmeti yangu chini ya kidevu, pole pole, kama anavyowafanyia watoto wa jirani, na kuniambia kwa upole: "Ukiulizwa, injini ni yako tangu mwanzo. Namba si umegonga mwenyewe?"

Naogopa. Naandika neno hili wazi: namwogopa mume wa dada yangu. Na mtandao hakuna.

Alhamisi, 13 Februari

Ofisi ya mpaka wa tatu. Chumba kimoja, feni haizunguki, benchi la mbao. Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Shemeji kapita. Muhuri, asante, kwa heri. Yuko ng'ambo ya kizuizi, juu ya pikipiki, injini inanguruma. Mgongo wake tu ndio naona.

Afisa wa hapa ni mwanamke, na ana miwani. Kapitisha kidole juu ya namba yangu, kakirudisha. Kasema namba ya kiwandani haina mikwaruzo ya tupa. Kauliza nani kagonga. Nikasema mimi. Kauliza ya zamani ilikuwa ipi. Nikasema sikumbuki. Kachukua kadi yangu na kuingia chumba cha ndani kupiga simu.

Kwenye benchi kuna mama mmoja mwenye mtandio wa kahawia. Mlinzi kasema huja kila Alhamisi, mwaka sasa. Anamtafuta mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa avuke hapa na pikipiki. Kila fundi na kila dereva anamwonyesha karatasi yake. Kaniona nimesimama, kasogea. "Kaa hapa, mdogo wangu, umechoka." Maneno ya dada yangu, mtiririko uleule.

Nimekaa. Kanionyesha karatasi. Picha ya kijana anacheka, helmeti ya njano kwapani. Chini yake namba ya injini, kwa kalamu nyekundu, imepitiwa mara nyingi mpaka karatasi imetoboka kwenye zile saba mbili.

Nimemrudishia. Nimesema pole, dada.

Simu imeshika mtandao sasa hivi. Ujumbe wa dada: mmefika wapi, mtoto anacheza leo, mwambie baba yake.

Mlango wa ndani umefunguka. Afisa anauliza daftari hili ni la nini. Nje shemeji kageuza kichwa, kwa mara ya kwanza. Mama wa mtandio kainua karatasi yake amwonyeshe afisa tena, kama kila Alhamisi.

Ukurasa wa Jumatatu, wenye namba ile, bado upo. Nimeushika kwa vidole viwili.